Watoto wameandikishwa lakrosi hapa Maryland: ninunue nini, niache nini?

mama_zuhura

Wadau, habari zenu. Tupo Maryland, Marekani, na huku baridi ikianza kulegea kila mtoto mtaani anatembea na fimbo ya lakrosi begani, ile yenye wavu wa kudakia na kurushia mpira. Wangu nao wameng'ang'ania. Kaka ana miaka 9, dada yake 11. Nimewaandikisha klabu ya mtaa, mazoezi yanaanza wiki ya kwanza ya Machi. Mpira wa miguu naujua, huu sijui hata refa anapuliza filimbi kwa kosa gani.

Kuna jirani anauza seti mbili za wanawe walioacha mchezo: helmeti, kinga za mabega, kinga za viwiko, glavu na fimbo, zote zilinunuliwa 2019. Anataka dola 120 kwa mbili. Nimeona ni bei ya kutupa, nikawaza kila mtoto apate seti yake. Kabla sijatoa hela naomba wenye uzoefu mniambie kama nakosea, na ni mambo gani mzazi anatakiwa ayajue kabla ya siku ya kwanza. Usalama ndio unaninyima usingizi, ule mpira nimeushika, ni kama jiwe.

---

Kocha wa Jioni

Dada, shika hela yako kwanza. Lakrosi ya wavulana na ya wasichana ni michezo miwili iliyogawana jina. Ya wavulana wanagusana miili, ndiyo maana wanavaa kama askari. Ya wasichana kugongana mwili ni kosa, hivyo hawavai helmeti ngumu wala kinga za mabega. Binti yako akitokea uwanjani na seti ya jirani, kocha atamvua vyote, na fimbo yenyewe ataikataa.

Binti anahitaji vitu vitatu: fimbo ya kike, miwani ya kinga ya waya au plastiki yenye alama ya ASTM F3077 (ASTM ni shirika la viwango vya bidhaa), na kinga ya meno. Basi. Njumu za mpira wa miguu zinatosha, ilimradi meno yake si ya chuma. Kofia laini ya kike yenye alama ya ASTM F3137 ipo na inaruhusiwa, na wazazi wengine wanaipenda. Kwa klabu nyingi ni hiari, lakini soma kanuni za ligi yenu. Kipa tu ndiye anavaa helmeti, kinga ya koo, ya kifua na ya miguu, na kwa umri huo klabu nyingi zinamkopesha.

Kijana anahitaji helmeti yenye wavu wa chuma usoni, kinga ya mabega na kifua, kinga za mikono, glavu, kinga ya meno, fimbo na njumu. Ongeza kikombe cha kinga sehemu za siri. Huyu usisubiri aambiwe na kocha, kuna makocha wanaona haya kulitaja.

Sasa seti ya jirani. Kinga ya mabega ya 2019 karibu hakika haifai. Tangu Januari 1, 2022 kinga ya mabega ya wachezaji wa kiume ni lazima ikidhi kiwango cha ND200 cha NOCSAE, kamati ya Marekani ya viwango vya vifaa vya michezo, na kwa makipa kanuni hiyo ilianza mwaka mmoja kabla. Sababu yake si urembo. Mpira mgumu ukimpiga mtoto kifuani, juu ya moyo, katika sehemu ndogo mno ya sekunde kati ya pigo la moyo na jingine, moyo unaweza kupoteza mdundo na kusimama, hata kama mtoto ni mzima kabisa na mbavu hazina hata alama. Kinga za zamani zilikinga mifupa, hazikutengenezwa kwa hilo. Tafuta maandishi ya ND200 yaliyochapwa kwenye kinga yenyewe, kwa kawaida sehemu ya kifua au ndani yake. Hakuna maandishi, usinunue hata kwa dola 2.

Na siku ya kwanza muulize kocha mashine ya kushtua moyo iko wapi uwanjani na nani ana ufunguo. Swali hilo halina ubaya. Akijikuna kichwa, umejua hali ya klabu.

---

Filimbi

Kocha kamaliza vifaa, mimi niseme upande wa refa.

Umri kwanza. Klabu nyingi zinapanga kwa umri wa mtoto ulivyokuwa Agosti 31 iliyopita, wala si umri wa leo. Kama tarehe hiyo walikuwa wameshafikisha umri ulioutaja, kijana wa miaka 9 ataingia kundi la 10 na chini, binti wa 11 kundi la 12 na chini. Ligi nyingine zinapanga kwa darasa la shule, kwa hiyo usibishane, soma fomu.

Kundi la kijana wako hakuna kuvamia mwili. Anaruhusiwa kusimama imara, kumzuia mwenzake kwa nguvu sawa na anayosukumwa nayo, na kugonga fimbo ya mwenye mpira huku mikono yake yote miwili ikiwa kwenye fimbo yake. Akiizungusha kwa mkono mmoja kama anayefukuza mbuzi, napuliza. Akimgusa mwenzake kichwani kwa fimbo, napuliza hata kama hakukusudia. Kosa dogo analikalia nje sekunde 30, kubwa dakika 1 au zaidi, na timu inacheza pungufu. Mtoto akitolewa usimpigie kelele kutoka pembeni, mara nyingi hajui alichokosea na kelele zako hazitamwambia.

Kwa binti kuna makosa mawili yanayowachanganya wazazi kila msimu. La kwanza ni la kichwa: chukulia kila msichana ana tufe lisiloonekana linalozunguka kichwa chake kwa inchi 7 hivi kila upande. Fimbo ikiingia humo kuelekea kichwa ni kosa, hata kama haijamgusa. La pili linawaudhi zaidi. Mshambuliaji anaangalia goli, ana mpira, anataka kupiga. Beki akisimama katikati ya mpigaji na goli bila kumkaba mtu, ni kosa la beki, ingawa amesimama tu. Wazazi wanapiga kelele: "Kafanya nini?" Kasimama njia ya jiwe, ndicho alichofanya. Kanuni hiyo inamkinga yeye mwenyewe, maana hana helmeti.

Kugonga fimbo kwa wasichana kunafunguliwa kwa umri. Miaka 10 na chini hakuna kabisa. Kundi la binti yako wanaruhusiwa tu fimbo ya mwenye mpira ikiwa yote iko chini ya bega, na wanagonga kuelekea chini na mbali na mwili.

Mpira wa wavulana kwa kawaida ni mweupe, wa wasichana njano. Uzito na ukubwa ni ule ule: wakia 5 hadi 5 na robo, karibu gramu 145, mzunguko wa sentimita 20 hivi. Ukinunua wa nyumbani, angalia una alama ya NOCSAE.

---

mzee_wa_garage

Mimi natofautiana kidogo na Kocha. Kinga ya mabega sawa. Ila helmeti ni helmeti, ya jirani mchukulie kijana. Mpya ni ghali na kichwa cha mtoto kinakua.

---

Kocha wa Jioni

Mzee wangu, hapana, walau si hivi hivi. Helmeti ni plastiki na sponji, na sponji inachoka kwa jasho, jua na kupigwa. Ufa wenyewe mara nyingi umejificha chini ya sponji au pale skrubu za wavu wa usoni zinapoingia. Kama dada anataka kuangalia ya jirani, afanye hivi:

Aipindue asome tarehe ya kutengenezwa ndani. Atafute alama ya NOCSAE. Aangalie kama kuna kibandiko cha kukaguliwa upya na mkarabati aliyeidhinishwa, na cha mwaka gani. Atoe sponji zinazotoka, apitishe kidole kila mahali akitafuta ufa, halafu akamate pande mbili za helmeti aibane kidogo asikilize kama inalia. Skrubu zote ziwepo na zisiwe na kutu. Iwapo imepakwa rangi ya kopo au kusafishwa kwa petroli au tina, aiache, dawa hizo zinaweza kudhoofisha plastiki bila kuonyesha.

Ikipita hapo, mtihani ni kichwa cha mtoto. Apime mzingo wa kichwa kwa tepu ya fundi cherehani, sentimita 2 na nusu juu ya nyusi, alinganishe na jedwali la mtengenezaji. Akiivaa, ukingo wa mbele ukae kidole kimoja hivi juu ya nyusi na macho yaone katikati ya wavu. Fungeni mikanda yote minne, kikombe cha kidevu kikae katikati. Kisha shika wavu wa usoni, sukuma kulia na kushoto, juu na chini. Ngozi ya paji la uso inatakiwa ivutwe pamoja na helmeti. Helmeti ikizunguka na ngozi ikabaki palepale, ni kubwa. Usinunue kubwa ili "aikulie". Kiatu kikubwa kinamfanya ajikwae, helmeti kubwa inamwacha bila kinga huku anajiona anayo.

Jambo ambalo maduka ya huku hayatakwambia: mpime akiwa na nywele zitakazokuwapo msimuni. Kijana aliyepimwa akiwa na kipara, mwezi wa Aprili akiwa na rasta, helmeti haiingii. Kwa binti, mabutu yaliyosimama juu ya kichwa yanausukuma mkanda wa miwani, na miwani inashuka puani katikati ya mchezo. Mistari inayokwenda nyuma na kufungwa chini ya mkanda ndiyo inakaa. Shanga za nywele na hereni ziachwe nyumbani.

---

mama_zuhura

Asanteni mno, kumbe ningemvisha binti nguo za kaka yake. Jirani bado hajauza. Maswali mawili. Kinga ya meno ile ya kuchemsha, kijana kaitema mara mbili anasema inamtapisha. Na nimewaazima fimbo za shule ya jirani wajaribu, mpira haukai, wakikimbia hatua tatu umeanguka. Ni wao au ni fimbo?

---

Nesi wa Zamu

Kinga ya meno najibu mimi. Anatapika kwa sababu imefika nyuma sana ya ulimi. Kabla hujachemsha, iweke mdomoni ikiwa baridi. Ikipita gego la mwisho, kata ncha za nyuma kwa mkasi mkali, milimita chache tu kila mara, uzilainishe.

Chemsha maji, zima jiko. Tumbukiza kinga kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi kati ya 30 na 90. Usikisie, ukizidisha inajikunja kama kaimati iliyoungua. Itoe kwa kijiko, iguse maji ya baridi sekunde 1 tu ili isimuunguze, iweke kwenye meno ya juu. Aume taratibu, anyonye hewa kwa nguvu, wewe ukibonyeza midomo na mashavu kwa nje kwa vidole. Sekunde 20. Kisha maji ya baridi. Iko sawa kama akifungua mdomo haidondoki na anaweza kutaja jina lake likaeleweka. Ikidondoka, rudia.

Rangi isiwe nyeupe wala isiyo na rangi. Refa anatakiwa aione kwa mbali. Mwenye waya za meno asitumie ya kuchemsha, inashika waya. Kuna zinazotengenezwa kwa ajili yao, au muulize daktari wa meno. Na asiitafune. Kinga iliyotafunwa nyuma imekwisha, nunua nyingine, ni dola chache.

Naomba nitumie nafasi hii kwa kichwa pia, maana ndilo umesema linakunyima usingizi. Helmeti inazuia fuvu kuvunjika. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Mtoto hahitaji kuzimia ili awe ameumia. Tazama aliyepigwa au kuanguka kisha akainuka taratibu, anauliza "tunapiga goli lipi?", anashika kichwa, anasema taa zinamkera, kichefuchefu, anajibu maswali kwa kuchelewa, au amekuwa mkali au mnyonge tofauti na kawaida yake. Moja tu ya hayo, atoke na asirudi siku hiyo. Hapa Maryland sheria ya mwaka 2011 inataka hivyo, na kurudi kwake kunahitaji ruhusa ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Kocha akikwambia "mwache amalizie robo hii", mchukue mtoto wako.

Nenda hospitali ya dharura bila kusubiri kama anatapika mara kwa mara, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, anazidi kusinzia hadi kuamka ni shida, ana degedege, maumivu ya kichwa yanapanda, au mkono au mguu umekufa ganzi.

Akiruhusiwa, anarudi kwa ngazi: shughuli nyepesi, kukimbia, mazoezi bila kuguswa, mazoezi kamili, mechi. Kila ngazi angalau saa 24, na dalili zikirudi anashuka ngazi. Wazazi wetu wengi wanaharakisha kwa sababu ada imelipwa. Ada haitamsaidia akigongwa tena kabla ubongo haujapona.

Radi pia. Ukisikia ngurumo, wote waingie ndani au kwenye magari, na hesabu ya dakika 30 inaanza upya kwa kila ngurumo. Mwezi wa Mei huku mvua za jioni ni za kawaida. Fimbo ni ya aluminiamu, mtoto asibaki nayo uwanjani.

---

Fundi Nyavu

Fimbo ni mimi sasa. Dada, si watoto, ni mfuko, yaani ule wavu unaobeba mpira. Fimbo nyingi za kuanzia zinatoka dukani na wavu umekazwa kama ngoma. Mpira unadunda juu yake, mtoto anadhani hajui. Wengi wanaacha mchezo mwezi wa kwanza kwa kosa la kamba.

Kwanza sheria ya kina cha mfuko, maana ukilegeza kupita kiasi Filimbi atakunyang'anya. Shika fimbo ilale sambamba na ardhi, weka mpira mfukoni, inamisha macho uangalie ubavuni. Ya kiume: ukiona mwanga kati ya mgongo wa mpira na ukingo wa chini wa plastiki, mfuko umezidi. Ya kike: mgongo wa mpira lazima uonekane umetokeza juu ya ukingo wa juu wa plastiki, hata baada ya kuubonyeza na kuuachia. Unaona tofauti ilivyo kubwa. Fimbo ya kiume ina kisima, ya kike ina kisahani. Ndiyo maana binti anahitaji miezi kujifunza kubembeleza mpira, yaani kuyumbisha fimbo ili usianguke akikimbia, na kaka yake wiki mbili, na usimlinganishe naye mezani.

Kulainisha mfuko wa kijana: weka mpira, ubonyeze kwa dole gumba ukiuviringisha kutoka shingoni kwenda juu, mara 100 jioni ukitazama taarifa ya habari. Ukienda kulala, weka mpira mfukoni na pitisha mpini wa mwiko katika matundu ya ubavu, juu ya mpira, uubane chini mpaka asubuhi. Siku 3 au 4 zinatosha. Usichovye wavu kwenye maji ya moto kama wanavyofanya wengine. Ya kike fanya kwa mkono tu, bila mwiko, na pima kila mara.

Kisha tazama kamba zile 2 au 3 zinazopita kwa upana sehemu ya juu. Ndizo usukani. Mtoto akirusha na mpira unazama miguuni pake, kamba hizo zinaushika kwa muda mrefu mno, zilegeze kidogo. Ukipaa juu ya kichwa cha mwenzake, zikaze. Badilisha kamba moja, rusha mara 20, ndipo uguse nyingine. Ukibadilisha zote kwa pamoja hutajua iliyokosea.

Mvua: wavu ukilowa unanyooka, na mfuko uliokuwa halali asubuhi unaweza kuwa haramu jioni. Baada ya mvua weka gazeti lililokunjwa mfukoni, usiweke mpira, na uache ukauke ndani mbali na hita. Usiuache kwenye buti la gari.

Urefu. Ya kijana mdogo inaruhusiwa kati ya inchi 37 na 42, kichwa pamoja. Kipimo cha kawaida cha wakubwa kinaanza inchi 40, na mabeki wana ndefu zaidi lakini si kwa umri wake. Mpini wa kawaida ni inchi 30 na kichwa kama 10. Ikimlemea unaweza kukata mpini kwa msumeno wa chuma, usizidi inchi 3, ukijua mwaka atakaopanda kundi mpini huo hautafaa tena. Mimi nisingekata, ningemwambia ashike juu zaidi. Ukikata, piga tupa kingo, na rudisha kizibo cha mpira mwishoni. Bomba lililo wazi linakata kama kikata maandazi, na refa haruhusu. Fimbo ya kike ni inchi 35 na nusu hadi 43 na robo.

Mpira wenyewe nao unazeeka. Mpya unashika, umekwaruza kidogo. Ukipigwa sana unakuwa laini na unang'aa kama umepakwa mafuta, unateleza mfukoni na kupaa ovyo. Huo mpe mbwa.

---

Filimbi

Nyongeza ya ukuta, kwani Fundi kanikumbusha. Simama hatua 4 kutoka ukuta wa matofali, rusha na udake, mkono wa kulia 50 na wa kushoto 50, siku 4 kwa wiki. Ni kazi ya dakika 15, haifiki 20. Mkono dhaifu usiachwe, wenzake watagundua siku ya pili. Helmeti au miwani avae, ukuta unarudisha jiwe lile lile. Nyumba nyingi za huku kuta zake ni za plastiki, mpira unapita. Tumia ukuta wa shule, au mpira wa tenisi nyumbani.

Na mfundisheni kuokota mpira wa chini kabla ya kupiga goli, maana kwa umri wao muda mwingi mpira uko majanini. Akisimama mbele ya mpira na kuukokota kwa fimbo kama anayekusanya majani kwa reki, anaupoteza. Badala yake akimbie, mguu upite ubavuni mwa mpira, magoti yakunjwe, mkono wa chini ushuke mpaka vidole vikaribie kugusa nyasi, kichwa cha fimbo kianze kukwangua shibiri moja kabla ya mpira, na asisimame. Apite nao, kisha fimbo ipande sikioni. Anayeshindwa mara nyingi amekunja mgongo na kuacha magoti yamenyooka.

---

Mwana Kampala

Nauliza hivi, mbona mnaongea kama mchezo wa wenyewe? Uganda ilipeleka timu ya wanaume mashindano ya dunia Denver mwaka 2014, ya kwanza kutoka Afrika. Na wenye mchezo hasa ni watu wa asili wa Amerika Kaskazini, Wahaudenosaunee, wana timu yao ya taifa mpaka leo na kwao ni ibada kabla ya kuwa mchezo. Watoto waambiwe hilo. Los Angeles 2028 lakrosi inarudi Olimpiki, wachezaji 6 kwa 6.

---

Kocha wa Jioni

Umenena, ndugu. Nami nimalize la hela, halijaguswa.

Klabu ya mtaa na timu ya safari ni vitu viwili. Ya mtaa inapokea kila mtoto, ada kwa kawaida ni mamia machache ya dola, mechi ziko karibu, inaisha mwanzoni mwa Juni. Ya safari inachuja watoto, mchujo mara nyingi ni mwisho wa kiangazi, ada inapita elfu moja kwa urahisi na hoteli ni juu yako. Kwa mwaka wa kwanza usikubali ya safari hata ukiambiwa mtoto ana kipaji. Anachohitaji ni kugusa mpira mara nyingi, si kukaa benchi jimbo jingine.

Kwenye fomu utaombwa namba ya uanachama wa USA Lacrosse, chama cha taifa, makao yake yako hapa hapa Maryland, Sparks. Ndani yake kuna bima, inayokuja baada ya bima yako ya afya. Kosa la kila mwaka: kuna ambao uanachama wao unaisha, tuseme Aprili, na msimu unaisha Juni, mtoto anazuiwa katikati. Angalia tarehe ya mwisho kabla hujajaza. Uliza pia kama klabu ina vifaa vya kukopesha wanaoanza na punguzo la ada. Vilabu vingi vinavyo na havitangazi, ukiuliza kwa barua pepe mapema unapata, ukiuliza siku ya kwanza vimekwisha.

Siku ya kwanza: chupa ya maji ya lita 1 yenye jina, isichangiwe. Glavu na kinga zote ziandikwe jina kwa kalamu ya wino usiofutika. Akirudi, begi lifunguliwe, vitu vianikwe. Glavu zifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, zianikwe vidole juu. Mashine ya kukaushia inakakamaza viganja.

---

mama_zuhura

Nimetoka kwa jirani. Kinga za mabega nimezigeuza zote mbili, hakuna ND200 popote. Helmeti moja ina ufa karibu na skrubu, ule usioonekana mpaka utoe sponji, nimemwonyesha mwenyewe akashangaa. Ya pili tarehe inasomeka lakini inazunguka kichwani mwa kijana. Nimechukua glavu, kinga za viwiko na fimbo moja ya kiume kwa dola 30. Helmeti na kinga ya mabega nimeiandikia klabu, wamejibu wanazo za kukopesha, nipeleke mzingo wa kichwa. Fundi, nimepima fimbo: inchi 39. Jirani aliikata?

---

Fundi Nyavu

Aliikata, au ni ya watoto tangu dukani. Kwa kundi lake iko ndani ya kipimo. Toa kizibo cha chini uone kama kingo za bomba ni laini, kama zinakwaruza kidole piga tupa. Usimnunulie mpini mwingine mpaka apande kundi. Mfuko nao umeshalainika miaka yote hiyo, kwa hiyo mwiko uache jikoni. Anza na kipimo cha mwanga.